Hori la Mjomba Crisóforo

Zamani, pale Paso Carrizo, kijiji cha pwani, padri aliweza kufungisha ndoa asubuhi na bado akina mama wakasema, "Ngojeni, hawajaoana hao." Ndoa ilikuwa ndoa artesa ilipolia. Artesa ilikuwa gogo moja kubwa la mti wa parota, limechongwa likawa wazi ndani kama mtumbwi, kichwa cha farasi huku, mkia kule. Siku ya harusi lililazwa kifudifudi uwanjani, na watu wakalipanda wawiliwawili, mwanamume na mwanamke, miguu mitupu, wakaligonga kwa nyayo fidla ikiwafuata. Siku ya kwanza walicheza wenye harusi, ya pili majirani, na ya tatu wale waliokataa kwenda nyumbani.

Herminia Noyola alizikumbuka siku hizo kupitia pua kwanza. Kwao walikuwa waoka mikate, mama yake na nyanya yake, na harusi ilianza nyumbani kwao mapema kuliko kanisani, kwa kuwa unga hauumuki kwa amri ya padri. Wanawake walikanda wakiimba. Herminia mdogo alikaa chini ya meza akisikiliza, na mkate wa kwanza ulipotoka tanuruni alinyoosha mkono. Nyanya yake hakumpa. Mkate, alimwambia, huombwa kwa ubeti: mistari minne, vina viwili, na uwe mpya. Ukirudia ubeti wa jana, nyanya alijifanya kiziwi akaendelea kufuta meza. Mtoto alilala na njaa ya mkate mara mbili tatu, kisha akajifunza. Alipofika miaka kumi hakuna mkate uliompita.

Ulimi ule ndio uliokuja kumpa sifa, na ndio uliomponza.

Mwaka wa 1959 binamu yake aliolewa, na Herminia alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Artesa ilikuwa ya kina Petatán. Babu yao ndiye aliyeichonga. Mwenye kuitunza wakati huo alikuwa Crisóforo Petatán, mfuga ng'ombe wa miaka thelathini na minne, mtu mpole, mwenye sauti ambayo wazee walisema haijapata kusikika tangu babu huyohuyo. Siku ile alifika juu ya farasi, amevaa kofia mpya. Akaimba beti tatu za kumsifu bibi harusi, sauti nene, tamu, inayoingia mtu kifuani bila hodi. Kisha zamu ikawa ya Herminia kumjibu. Utani ulikuwa ndio kazi yenyewe. Aliyepanda pale alijua atataniwa. Herminia hakuwa amepanga lolote. Vina vilimjia, akavitoa:

*Umekuja na kofia,*
*umempanda farasi;*
*mwache yeye atwimbie,*
*wewe nenda kale nyasi.*

Watu walicheka mpaka mpiga fidla akashusha fidla yake. Mmoja akalia kama farasi, mwingine akamfuata, uwanja mzima ukageuka zizi. Crisóforo naye alitabasamu, kama ilivyompasa. Lakini tabasamu lilibaki usoni muda mrefu mno, na Herminia, aliyekuwa karibu yake kuliko wengine, aliona macho yake yalivyoacha kucheka kabla ya midomo.

Ingekuwa ya siku moja ingepita. Haikupita. Watoto walimlilia kama farasi njiani. Kule mnadani watu walisema, "Nyasi ameuza ndama," na kila mtu akajua ni nani. Hata kanisani, alipofungua kinywa kuitikia, kuna waliojikohoza. Basi akakifunga. Harusi iliyofuata alisema artesa ina ufa. Iliyofuata hiyo, vilevile. Mwaka wa nne hakuna aliyemwendea tena, maana kijana mmoja alikuwa ameleta kutoka mjini mashine ya sahani za santuri na vipaza sauti viwili, na watu waliona afadhali hivyo, hakuna wa kubembelezwa. Artesa ikageuzwa chali zizini kwa Crisóforo, ikatiwa pumba na chumvi. Ikawa hori la ng'ombe.

Watu walimwambia Herminia si kosa lake. Ubeti ni ubeti. Naye aliitikia. Akaolewa na Tranquilino, fundi matofali, akazaa watoto wawili wa kiume, akafiwa na mume kwa homa, akarithi tanuru la mama yake. Ila alipokwenda mtoni alishika njia ya nyuma, ndefu, isiyopita mlangoni kwa Crisóforo. Miaka ishirini na miwili aliishika njia hiyo.

Mwaka wa 1981 alikuja mwalimu kijana kutoka milimani, jina lake Eleazar, mwembamba, mwenye kuona haya. Ofisi ya elimu ilikuwa imetangaza mashindano: kila shule ilete nyimbo za jadi za mahali pake, zitaimbwa mjini mwezi wa Mei. Barua ilikuja na karatasi za chapa zenye maneno ya nyimbo, yaliyokusanywa zamani na mtu aliyepita pwani hiyo. Mwalimu Eleazar aliwakaririsha watoto kumi na watatu karatasi hizo neno kwa neno.

Alhamisi moja Herminia alipeleka mkate shuleni. Alipofika dirishani alisimama na kapu lake kichwani. Watoto walikuwa wima, mikono ubavuni, wanaimba. Alikaa palepale mpaka wakamaliza. Mwalimu akatoka akamwuliza kama kuna kosa.

"Kosa hakuna, Mwalimu. Wanaimba vizuri," alisema Herminia. "Ila huo ni wimbo wa kumtania mama mkwe, nao wanauimba kama wanamzika."

Mwalimu aliiva uso, kisha akacheka. Alhamisi iliyofuata alimngojea mlangoni akamwomba awafundishe yeye. Herminia akasema hajui kusoma. Mwalimu akasema naye hajui kucheza, kwa hiyo wako sare.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Alikalishwa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kidevuni, na alipoanza kuimba wavulana walisukumana kwa viwiko. Mtoto mmoja aliuliza kama ule ni wimbo au ni tangazo la mkate. Herminia aliimba mstari mmoja tu akanyamaza. Aliwatazama wale watoto kwenye madawati yao, akagundua kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuimba akiwa ameketi mbele ya watu wasio na kazi mikononi. Akasimama, akamwambia Mwalimu kuwa nyimbo hizi hazikuzaliwa humu, na kesho wote waje nyumbani kwake wakiwa wamenawa mikono.

Wakaja. Aliwapa unga wakande. Mikono yao ilipopata mwendo, naye akaanzisha wimbo wa kukandia, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu wimbo na mikono vilikuwa kitu kimoja, na aliyechelewa kwenye wimbo alichelewa kwenye unga. Mkate ulipotoka tanuruni, akawaeleza sharti la nyanya yake.

Walinung'unika. Wavulana walijaribu kumlaghai kwa mistari ya kwenye karatasi za Mwalimu, akawa kiziwi. Siku hiyo watoto kumi na wawili walirudi kwao wakinusa mikono yao tu. Aliyekula ni msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja, mweusi tii, mwenye pengo mbele, ambaye aliuchungulia mkate kwanza upande huu na huu, kisha akasema:

*Shangazi, mkate huu*
*umeungua pembeni;*
*nipe nikausetiri*
*humu tumboni, gizani.*

Herminia alicheka mpaka akashika ukuta. Alimpa miwili. Akamwuliza ni mtoto wa nani, na msichana akajibu mdomo ukiwa umejaa: anaitwa Nereida, mama yake ni Delfina, babu yake Crisóforo Petatán. Herminia alifuta mikono kwenye aproni yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Miezi ile mitatu ndiyo aliyoipenda kuliko yote ya utu uzima wake, alivyokuja kusema baadaye. Kila wimbo aliupeleka kwao. Wa kubebea sanduku la bibi harusi waliuimba wakiwa wamebeba sanduku kweli, wamelijaza mawe, wakipita kijiji kizima mpaka mbwa wakawazoea. Wa kuwasalimu wasimamizi wa ndoa waliuimba milangoni kwa watu, na waliofunguliwa mlango ilibidi wamtungie mwenye nyumba ubeti kwa jina lake na kwa kitu walichokiona pale: kuku aliyelala juu ya redio, suruali iliyoanikwa ikiwa na kiraka. Aliwaambia kila wimbo ulikuwa wa nani. Huu, alisema, ulikuwa wa bibi yenu Tomasa mwenye jicho moja. Aliuanzia juu kwa makusudi ili wenzake wakwame. Huu mwingine wanaume waliuimba wakivuka mto kumchukua mpiga fidla wa kijiji cha pili, ndiyo maana una pumziko hapa katikati, hapo ndipo maji yalipowafika kifuani. Watoto walivuka mto. Walipolifikia pumziko, walihema wenyewe.

Wazee nao walianza kutoka. Mtu angekuwa amekaa mlangoni kwake anachambua maharage, wimbo ukapita njiani, akaacha maharage. Bibi mmoja aliwafuata watoto hatua ishirini akilia, kisha akawasuta kwa kuharakisha mstari wa tatu.

Lililowashinda lilikuwa miguu. Walijaribu kucheza mchangani, mchanga ukameza mlio. Walijaribu juu ya mlango uliong'olewa, ukavunjika. Walijaribu kwenye sakafu ya shule, na Herminia akatikisa kichwa, akasema saruji haijibu.

"Babu anayo artesa," alisema Nereida. "Ng'ombe wanalambia chumvi humo."

Herminia akajibu kwamba analijua jambo hilo. Wiki nzima alitafuta gogo lingine, na ubao mwingine, na sababu nyingine. Jumapili alioga, akavaa gauni lake la kanisani, akawachukua watoto na Mwalimu, wakapita njia ya mbele.

Crisóforo alikuwa kwenye kiti chini ya upenu wa zizi anasuka kamba. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Aliwaona wanakuja, hakusimama.

"Leo unauza mkate mpaka kwa ng'ombe?" aliuliza.

"Nimekuja kuomba, Crisóforo."

"Kuomba kuna namna yake," alisema, macho kwenye kamba. "Wewe huyo ndiye unayewafundisha watoto, nasikia. Au sharti hilo ni la wengine tu?"

Watoto walitazamana. Mwalimu alianza kueleza habari za mashindano, Nereida akamvuta shati anyamaze. Herminia alisimama pale juani, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, akitafuta mistari minne kama siku alipokuwa chini ya meza. Kisha akaimba, polepole:

*Bwana mwenye ng'ombe wengi,*
*nimekuja, sina shari;*
*naomba mti wa shangwe*
*ulougeuza hori.*

Kamba ilisimama mikononi mwa Crisóforo. Sauti ilipomtoka ilikuwa na kutu, imepasuka katikati, sauti ya mtu asiyeimba miaka ishirini na miwili. Lakini haikukosea mahali pa kuingilia.

*Hori langu lina chumvi,*
*na ng'ombe wamezoea;*
*mbona ulipita njia*
*na hodi hukuitoa?*

Nereida alikuwa hajawahi kumsikia babu yake akiimba. Alikaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe. Herminia hakuwa na vina safari hii. Alikuwa na jibu tu, na ilimbidi avingojee vina vilifikie jibu. Vilipofika, alivisema zaidi kuliko kuviimba:

*Sikupita kwa kiburi,*
*nilipita kwa aibu;*
*aliyekushinda jana*
*leo hana la kujibu.*

Ng'ombe mmoja alikuwa anaramba mbao, ulimi wake unasikika. Crisóforo alivua kofia akaitazama ndani yake, akaivaa tena.

"Mwalimu," alisema, "niondolee hao ng'ombe."

Ilihitaji watoto wote, na watu wazima watatu, kuigeuza artesa. Waliikokota mpaka mtoni, wakaisugua kwa mchanga siku mbili. Sikio moja la farasi lilikuwa limetafunwa, na ndani ndimi za ng'ombe zilikuwa zimeilainisha mpaka ikang'aa. Crisóforo aliwaamuru wachimbe shimo la kina cha kiganja na kuilaza juu yake, ipate pumzi. Nereida alipanda wa kwanza. Alipiga kisigino mara moja akaruka chini kwa hofu, kwa jinsi mlio ulivyompanda miguuni. Kisha akarudi juu.

Tangu siku hiyo babu alileta kiti chake kila mazoezi. Alipiga sanduku la mbao kwa viganja, akawasahihisha wavulana mabega, akamwambia Mwalimu Eleazar mbele ya watu wote kwamba anacheza kama mtu anayeua nge. Kuimba hakuimba tena. Hakuna aliyemwuliza.

Mwezi wa Mei walikwenda mjini, artesa ndani ya lori la Crisóforo, watoto juu yake. Wenye ukumbi walikataa isipande jukwaani, wakisema itakwaruza mbao. Baada ya mabishano waliruhusiwa kuimbia uani, na waamuzi watatu wakatolewa nje na viti vyao, kila mmoja na karatasi ileile ya chapa. Shule zilizotangulia ziliimba neno kwa neno. Watoto wa Paso Carrizo walianza vizuri, beti mbili zikawa kama zilivyoandikwa, kisha, kwa kuwa walikuwa wageni mahali pa watu, wakafanya walivyofundishwa: wakawasalimu wenyeji. Walimtungia ubeti mwenye ukumbi na mbao zake. Walimtungia mama aliyekuwa anauza maji ya matunda. Mwamuzi mkuu, bwana mnene mwenye miwani, alikuwa anafuata kwa kidole kwenye karatasi, akapotea, akageuza ukurasa, akarudi. Nereida alimwona. Akapiga kisigino mara mbili kuomba nafasi:

*Bwana unayetafuta*
*wimbo kwenye karatasi,*
*inua macho, tazama:*
*huu hapa, uko nasi.*

Ua mzima ulicheka, mama wa maji ya matunda akapiga kopo lake kwa kijiko. Mwamuzi mkuu alicheka pia kidogo. Hata hivyo alikuwa na kanuni zake, na hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba nyimbo hazikufuata maandishi. Shule tisa zilishindana, Paso Carrizo ikawa ya tisa.

Watoto walilia. Mwalimu Eleazar alijilaumu kwa kutowaonya. Njiani walisimama kivukoni ili wale tamale, vifurushi vya unga wa mahindi walivyofungiwa na kina mama, na baada ya kula machozi yakaisha. Wavulana walikuwa tayari wanatunga ubeti wa mtu wa miwani, mwingine usiofaa kuandikwa. Herminia alikaa kwenye ngazi ya lori. Crisóforo akaja kufuta mikono kwenye majani karibu naye.

"Sauti yako ilikuwa nzuri," Herminia alimwambia bila kumtazama. "Siku ile. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilisema vile kwa sababu vina vilikaa sawa."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ileile. Ungekuwa ubeti mbaya ningekujibu." Alifuta kidole kimoja kimoja. "Kilichoniumiza si wewe. Ni kwamba walicheka wote, hata ndugu zangu, na hakuna aliyesema, 'Lakini mwacheni aimbe.' Nilingoja aseme mmoja."

Herminia alimpa tamale iliyobaki. Akaichukua.

Mwaka uliofuata kaka mkubwa wa Nereida alioa, na artesa ikalazwa uwanjani. Mwenye vipaza sauti alikuja pia, akaambiwa angoje. Watoto kumi na watatu waliimba mpaka wakakaukiwa, na katikati, bila kutangaza, Crisóforo aliinuka akaimba beti tatu za bibi harusi. Kutu haikuwa imemtoka yote. Alipomaliza watu waligeuka kumtazama Herminia, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Alisema amekabwa na kipande cha mkate, wamsikilize mwenzake kidogo.

Crisóforo aliimba miaka sita zaidi kabla hajafa. Mwalimu Eleazar alihamishwa, akaandika barua mbili, kisha akaacha. Wale watoto kumi na watatu, tisa walivuka mpaka kwenda kaskazini, wakajenga nyumba za watu na kuchuna kuku viwandani, na Nereida ni mmoja wao. Kila harusi inapofanyika Paso Carrizo, simu hulia kwa Shangazi Herminia, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na ana wanafunzi wengine, watoto wa waliobaki. Wanamwomba aiweke simu chini, karibu na artesa, wasikie miguu. Huiweka. Baadaye anawauliza wamesikia nini, nao husema wamesikia fidla, na kelele, na mtu anakohoa. Miguu haipiti kwenye simu. Amewaambia mara nyingi: mtu akitaka miguu, aje.